Naombeni ushauri: tusafiri kwenda Moshi au tusubiri corona ipungue?

Habari zenu wakuu. Mimi na mama watoto ni wastaafu, tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Mimi nina miaka 68, mwenzangu 64 na ana kisukari na presha. Tangu corona ianze siku zetu ni za ndani: asubuhi anamwagilia mchicha wake, mimi naenda sokoni na barakoa, nikirudi nakuta ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Haniruhusu kuvuka kizingiti sijanawa. Namshukuru sana kwa hilo.

Sasa mama mkwe yuko Moshi, umri umekwenda, na kila akipiga simu anamuuliza binti yake, "Utakuja lini, au mpaka mnizike?" Mke wangu akikata simu hali chakula.

Chanjo ilipozinduliwa Julai 28 mwaka huu wa 2021 tulijitokeza mapema, maana wenye miaka 50 na kuendelea walipewa kipaumbele. Tumechanjwa Janssen, dozi moja, wiki tatu zimepita.

Tunawaza treni, ile iliyorudishwa Desemba 2019. Inatembea usiku kucha, lakini unaweza kusimama na kunyoosha miguu. Basi linafika mapema zaidi, ila abiria mmekaa bega kwa bega na wengi hawavai barakoa.

Waliosafiri karibuni, behewa la kulala linapitisha hewa vizuri? Na tukifika, tukae siku ngapi kando kabla ya kumkumbatia bibi? Hilo la pili ndilo linaninyima usingizi.