MJADALA: Wachunguzi wa afya wamebisha hodi tena. Tuwafungulie?

Mtoto wa Ndosho

Ndugu zangu wa Goma, na nyinyi wa Bukavu na Lubumbashi mnaotusoma huko kwingine Kongo.

Jana wamepita tena. Vijana wawili wenye jile (vizibao) nyeupe, simu kubwa mkononi. Humu mnalala wangapi? Maji ya kunywa mnatoa wapi? Kuna mtoto aliyeharisha katika siku kumi na nne zilizopita? Choo mnachangia na nyumba ngapi? Mama alijibu yote mpaka sombe (kisamvu) ikashika sufuria. Walipotoka wakaandika namba kwa chaki juu ya mlango, kando ya namba ya timu iliyopita, na ile ya kabla yake. Tangu volkano ya Nyiragongo ya 22 Mei 2021 mlango wetu umekuwa ubao wa shule. Hakuna timu hata moja iliyorudi kusema: mama, tulikuta hivi, tutafanya vile.

Swali langu ni moja. Tuendelee kuwafungulia, ama tuwaambie pesa ya kuuliza iende kwanza kwenye mabomba?

Muuguzi Karisimbi

Kaka, hasira yako naielewa, lakini ukifunga mlango unajiumiza mwenyewe. Nchi hii haijahesabu watu wake tangu 1984, tulipokuwa karibu milioni 30. Idadi unayoiona imebandikwa ukutani kwenye kituo cha afya ni ya kukadiria: wanachukua ya mwaka jana, wanaongeza asilimia, basi. Kutoka hapo tunapiga hesabu. Wajawazito asilimia 4 ya watu wote, watoto wa chini ya mwaka mmoja fungu lao, na dawa zinaagizwa hivyo hivyo. Ndiyo maana kuna maeneo yanayoripoti chanjo zaidi ya asilimia 100 na bado surua inapita. Wale watoto wa ziada walikuwepo siku zote, karatasi ndiyo haikuwajua.

Sasa fikiria Goma. Kambi za waliokimbia vita, Bulengo na Lushagala, zilipovunjwa Februari 2025, kuna waliorudi vijijini na kuna walioingia kwa ndugu, kumi na wawili katika chumba kimoja. Kama hakuna aliyepita kuuliza "mnalala wangapi", klorini, dawa ya maji, itapelekwa kwa watu waliokwisha kuondoka.

Kalamu ya Himbi

Umesema vema, muuguzi. Wafungueni milango. Watu wetu wanajua kulalamika kuliko kujibu.

Na tuseme ukweli ambao hakuna anayetaka kuusema: kipindupindu cha Goma nusu yake ingeisha kesho kama wamama wa mitaa ya Majengo na Ndosho wangechemsha maji. Hilo halihitaji bomba wala mzungu. Ni uvivu. Mwaka 1994 walikufa laki mbili hapa kwa sababu ya maji ya ziwa Kivu, na hatukujifunza kitu.

Mama Ushindi

Kalamu, weye uko na bomba ndani ya parseli (kiwanja) yako, sivyo?

Miye niko Majengo. Watoto sita, mume, mama mkwe, na miye: watu tisa. Saa kumi ya usiku niko kwenye robine (bomba la maji) na bidoni (madumu) ine, nimezifunga kamba ili mtu asiniruke kwenye foleni. Siku robine imekauka, na zinakuwa siku nyingi, natuma kijana ziwani ama nalipa mtu wa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Makala (mkaa) ya kupika fufu na maharagi ni franga 2,000 kwa siku. Nikichemsha na maji ya kunywa ya watu tisa, niongeze karibu nusu ya ile. Mume wangu anabeba mizigo Birere. Siku moja anarudi na 5,000, siku ingine anarudi na mikono mitupu. Unichagulie weye: maji yaliyochemka, ama maharagi?

Mtoto wangu wa tatu alilazwa. Unakijua kile kitanda cha kipindupindu? Kiko na tundu katikati, na ndoo chini. Nilikaa kando yake siku mbili nikiangalia ile ndoo ikijaa, muuguzi akisoma alama za ndoo ili ajue amwekee seramu (maji ya mshipa) ngapi. Macho ya mtoto yaliingia ndani kama ya mzee. Kama ni uvivu, ule ulikuwa wakati wa kuniambia.

Kalamu ya Himbi

Mama, pole kwa mtoto, na ninasema kwa moyo. Lakini sikutaja jina lako. Mama yangu alitulea Birere, hatukuwa na bomba, na alichemsha kila jioni. Sufuria nyeusi, kitambaa juu, tukakatazwa kugusa. Umaskini haukumzuia. Mtu akisema hivyo anamheshimu mama yake, hatukani wa wengine.

Chukudu wa Kituku

Mama yako alichemsha kwa makala ya bei gani?

Mimi ndiye ninayeyaleta hayo maji, acha niseme. Makala ya mji huu kwa sehemu kubwa inatoka msitu wa hifadhi ya Virunga, na wote tunajua kwamba kuikata mle ni marufuku. Barabara ikifungwa, gunia linapanda. Walinzi wakikaza, linapanda. Wenye magunia wakiogopa, linapanda tena. Leo unamwambia mama achemshe, kesho unamwambia Virunga inaisha kwa sababu ya wanaochoma makala. Mchague moja.

Pale Kituku, kando ya ziwa, kijana wa klorini anasimama na bomba la sindano. Unapita na bidoni yako, anavuta dawa kwenye chupa, anaipiga ndani, fyu, unafunga kifuniko, unangoja nusu saa kabla ya kunywa. Haiungui makala hata kipande. Lakini anakaa mpaka chupa iishe tu. Mimi ninaanza saa kumi na moja alfajiri. Nikifika safari ya tatu, yeye amekwisha kukunja meza. Maji ya safari ya kwanza yana dawa, ya safari ya nne hayana, na bidoni zote ni njano. Mama wa Majengo atajuaje ni ipi?

Hilo ndilo swali wale wa jile nyeupe hawajawahi kuuliza. Wanauliza "maji ya wapi". Unajibu "ya ziwa", wanabonyeza, wanasonga mbele. Maji ya ziwa ya saa kumi na mbili na ya saa nne siyo maji yale yale.

Mzee wa Birere

Nyamazeni kidogo, nami niseme la 1994, kwa kuwa nililiona.

Siyo laki mbili, Kalamu. Wakimbizi kutoka Rwanda waliingia katikati ya Julai, na katika mwezi wa kwanza walikufa karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Maiti ziliweza kuhesabiwa kwa sababu zilikuwa zimeviringishwa mikeka kando ya barabara na malori yalipita kuzikusanya. Walio hai ndio hawakuhesabika. Wengine walisema laki tano, wengine laki nane. Kwa hiyo hata madaktari waliporipoti, walilazimika kusema vifo ni kati ya 20 na 35 kwa kila watu 10,000 kwa siku. Kwa kawaida vikifika 1 tu, hiyo ni hali ya dharura.

Halafu unasema wangechemsha. Wangechemsha na nini? Walikuwa wamelala juu ya lava kavu. Hata kaburi halikuchimbika. Ni jiwe lile lile ambalo leo mtu wa Ndosho anapigana nalo kwa barmini (mtaimbo) wiki tatu ili apate choo cha mita moja na nusu, na kinajaa mvua ya kwanza.

Kalamu ya Himbi

Mzee, nakubali kuhusu idadi, nilisikia vibaya. Kuhusu kuchemsha bado sijabadilika.

Yaya wa Ruashi

Jambo kutoka Lubumbashi. Nimesoma yote, na naona swali la Mtoto wa Ndosho limeachwa njiani.

Kwetu tulipimwa mkojo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji, walichukua mikojo ya watu wanaoishi karibu na migodi na mitambo ya kuyeyushia madini Katanga. Mwaka 2009 wakachapisha kwamba kobalti waliyoikuta ilikuwa juu kuliko yoyote iliyowahi kuripotiwa kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kiwandani. Watoto ndio walioongoza. Baadaye, kutoka Machi 2013 mpaka Februari 2015, walifuata watoto 138 waliozaliwa na kasoro za kuonekana hapa mjini, wakawalinganisha na 108 waliozaliwa salama. Jambo lililojitokeza kuliko yote ni baba mwenye kazi inayohusiana na madini. Hiyo ilitoka 2020.

Kabla ya hapo, mama akizaa mtoto mwenye mgongo wazi aliambiwa ni uchawi wa mawifi, ama amekula kitu kibaya. Jirani yangu alirudishwa kwao kwa sababu ya mtoto kama huyo. Leo akina mama wakikaa mbele ya watu wa kampuni, wana karatasi. Haijaleta maji safi, haijaleta matibabu, lakini hakuna tena anayewaambia ni mawifi. Kwa hiyo mimi nasema wafungulieni, ila mdai karatasi irudi.

Simba wa Katindo

Yaya, hii ni ya Goma. Ya kobalti ufungue mjadala wako.

Na huyo muuguzi hapo juu asitudanganye na asilimia zake. Wote tunajua kuna wauguzi wanaopandisha idadi ya watu makusudi ili dawa zizidi, za ziada zionekane kwenye duka la shemeji. Uongo mtupu.

Yaya wa Ruashi

Mstari wa kwanza wa mjadala huu umetaja Lubumbashi. Soma.

Muuguzi Karisimbi

Simba, hilo la duka la shemeji unalisema kwangu?

Nina miaka kumi na moja kazini. Miezi ambayo sikupata hata franga ya mshahara wa serikali siihesabu tena, ninaishi kwa kile wagonjwa wanacholipa na marupurupu yanapokuja. Wakati wa Ebola 2019 nilikuwa nawapima watu joto na usiku naogopa kumshika mtoto wangu. Mwaka 2024, chanjo ya mpox (homa ya nyani) ilipoanza hapa Goma mwezi wa kumi, nilitembea kwa miguu kutoka nyumba moja hadi nyingine na kisanduku cha baridi begani, kwa sababu petroli ya pikipiki haikuwepo. Idadi nikiipandisha, napewa lengo kubwa la chanjo, silifikii, naitwa mvivu kwenye kikao. Nikiishusha, napewa dozi chache na mama ananitukana kwenye foleni. Kwa vyovyote naumia. Kwa nini nidanganye?

Mwizi yupo, kila kazi ina mwizi wake. Lakini usichukue mwizi mmoja ukavika sote nguo zake.

Simba wa Katindo

Sikukutaja jina.

Mama Ushindi

Kila mtu humu "sikutaja jina". Kalamu hakutaja, weye haukutaja, lakini sisi wote tumejitambua.

Mzee wa Birere

Mama amesema.

Na hata wafu wetu wanabishaniwa, mjue. Shirika la misaada la IRC lilipita nyumba kwa nyumba, likauliza nani amekufa humu, likatoa kwamba vita na yaliyofuata viliua watu milioni 5.4 kati ya 1998 na 2007, wengi wao kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo. Wengine wakaja kusema hapana, mmeanzia kipimo kibaya, kwa sababu mlichukua kifo cha kawaida cha Afrika nzima, na Kongo ilikuwa inazika zaidi ya hapo hata kabla ya vita. Nilipolisikia nilikasirika, nikaona kama wanatunyang'anya marehemu. Baadaye nikafikiri tofauti. Hao wanaobishana, wanabishana kwa sababu hakuna aliyetuhesabu kabla. Mtoto wangu wa pili alikufa 1999 kwa kuhara, njiani kwenda kutafuta dawa. Hana cheti cha kuzaliwa, hana cha kufa. Kama siku ile mtu asingeuliza mlangoni kwangu, asingekuwepo popote.

Mtoto wa Ndosho

Pole sana, mzee. Hilo sikulijua wakati nauliza.

Sawa, labda niliuliza vibaya. Sitaki kuwafukuza. Nataka wakija, waandike na bei. Bidoni ni ngapi leo, makala ni ngapi, saa ngapi robine imefunguka. Na kabla ya kuandika namba mpya kwa chaki, watusomee majibu ya namba ya zamani.

Chukudu wa Kituku

Na waulize juu ya meno. Ndugu zangu wa Rusayo wana meno ya kahawia tangu utotoni, wanaficha mdomo wakicheka. Mvua ya kule inapita kwenye moshi wa Nyiragongo na kushuka na floridi. Mtu anaichota kwenye bati akidhani amekwepa ziwa.

Kalamu ya Himbi

Hilo la meno kweli linahitaji utafiti. Kuchemsha hakuondoi floridi, hapo nakubali.

Mama Ushindi

Hapo tu?

Kalamu ya Himbi

Mama, nimesema nakubali hapo. Mengine nitafikiri.

Mama Ushindi

Haya. Ufikiri. Kijana wangu ametoka kwenda ziwani sasa hivi, robine haijatoa tone tangu jana. Kuna mtu anajua kama yule wa klorini yuko Kituku leo?

Chukudu wa Kituku

Alikuwepo, mama. Chupa imeisha saa mbili. Mwambie kijana asimame kwangu, nimebakiza bidoni mbili za safari ya kwanza.