Betri ya sola ya lithiamu kukataa chaji asubuhi za baridi

Muuliza swali, Makete:
Habari zenu, wakuu. Betri yangu ya lithiamu, ambayo huiweka kwenye stoo ya mabati, hukataa kupokea chaji asubuhi za Juni na Julai, hasa umande ukiwa umeganda kwenye majani, ila ifikapo saa nne huchaji kama kawaida. Je, imeharibika?

Fundi sola, Mwanjelwa:
Haijaharibika, ndugu yangu. Elektroliti, yaani chumvi ya lithiamu iliyoyeyushwa katika viyeyushi vya kikaboni, huwa nzito kadiri baridi inavyozidi, na ioni, yaani chembe za lithiamu zenye chaji, hupita kwa shida. Ukilazimisha chaji chini ya nyuzijoto 0, lithiamu hushindwa kuzama ndani ya grafiti, yaani kaboni ya upande hasi wa betri, ikajipaka juu yake kama metali, na sehemu kubwa ya uharibifu huo hairekebishiki. Ndiyo maana sakiti ya ulinzi hukata chaji. Usithubutu kuiruka kwa waya, kama wafanyavyo baadhi ya mafundi wenzangu.

Mchangiaji, Iringa:
Naongezea kwamba kuwasha taa hakuna tatizo, kwa kuwa betri nyingi huruhusu kutoa umeme hata chini ya 0. Ihamishie ndani, lakini mbali na jiko la mkaa, maana viyeyushi hivyo hushika moto.