Tunalipia gemu za mbio za magari, halafu wanatunyang'anya. Imetosha sasa!

Wakuu, leo nina hasira na sina mpango wa kupoza maneno. Nilinunua gemu ya mbio za magari kwenye duka moja la mtandaoni, nikaikalia, nikakusanya magari yangu moja moja mpaka gereji ikajaa. Majuzi nimebadilisha kompyuta, naingia kwenye akaunti niipakue upya, jina la gemu lipo lakini pa kupakulia hapapo. Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu likaja lile lile wanalomtumia kila mtu, kwamba huduma ya bidhaa hiyo imefikia mwisho. Hela hairudi, pole hakuna.

Ingekuwa ni mkosi wangu peke yangu ningenyamaza. Lakini huu umeshakuwa mtindo wa biashara, na wapenzi wa mbio za magari ndio tunaoumizwa kuliko wengi.

Angalieni The Crew, gemu ya kampuni ya Ubisoft. Ilitoka Desemba 2014, na ramani yake ilikuwa Marekani nzima iliyofupishwa. Ulikuwa unaweza kuondoka New York, ukashika barabara kuelekea magharibi, ukapita mashamba, jangwa na milima yenye theluji mpaka Los Angeles, na gemu haikusimama njiani kusubiri kupakia chochote. Kulikuwa na watu hawakujali kushindana, raha yao ilikuwa kuendesha tu. Tarehe 31 Machi 2024 seva, yaani kompyuta za kampuni zinazoiendesha gemu kupitia mtandao, zikazimwa, na gemu yote ikafa. Nasema yote, kwa sababu hata ukiwa peke yako barabarani bila mshindani ilikuwa lazima uunganishwe na seva. Aliyenunua diski amebaki na plastiki mkononi. Na haikuishia hapo: wiki chache baadaye watu wakaanza kuona leseni ya gemu imeondolewa kwenye akaunti zao, hata wale waliotaka kuihifadhi tu wakisubiri mafundi watafute njia ya kuifufua.

Najua kuna watakaokuja hapa na wimbo wao wa "ungesoma masharti, ulinunua leseni, hukununua gemu". Nawajibu mapema. Kitufe kiliandikwa NUNUA. Ukinunua kiti, fundi harudi usiku kukibeba. Kama ni kukodisha, waandike wazi kwamba ni kukodisha na waweke tarehe ya mwisho, mtu aamue mwenyewe akiwa anajua. Jimbo la California limetunga sheria iliyoanza kazi Januari 2025, inayoyataka maduka ya kidijitali yamwambie mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Ni hatua, lakini kuniambia kwamba utaninyang'anya hakukupi haki ya kuninyang'anya.

Kisingizio kikubwa cha gemu zetu ni leseni za watu wengine. Kampuni ya magari ina haki zake, mwanamuziki ana zake, mmiliki wa uwanja wa mbio ana zake, mdhamini mwenye nembo ubavuni mwa gari naye ana zake, na kila mkataba una muda wake. Muda ukiisha, gemu inatolewa sokoni. Forza Horizon 4 ya mwaka 2018, yenye barabara za Uingereza zinazobadilika kwa majira manne ya mwaka, iliacha kuuzwa Desemba 15, 2024 kwa sababu hiyo. Angalau hapo waliokwishanunua waliachiwa gemu yao. Ila kijana anayeanza leo kuipenda, ataipata wapi kihalali?

Inayoniuma zaidi ni F1 2013 ya Codemasters. Sisi wapenzi wa langalanga, yaani Formula 1, tunajua ile gemu ilibeba nini. Mle ndani kulikuwa na sehemu ya magari ya zamani, na sauti ya Murray Walker, mtangazaji aliyewalea mashabiki wa vizazi kadhaa, ikikukaribisha. Unaingia kwenye Lotus 98T, gari jeusi lenye mistari ya dhahabu, ndugu wa lile alilokuwa akiliendesha Ayrton Senna mwaka 1986. Unalipeleka Brands Hatch, uwanja ambao langalanga haijarudi tangu mwaka huo huo wa 1986. Unashuka kona ya kwanza, Paddock Hill, barabara inaanguka mbele yako huoni inakoishia, unakanyaga mafuta na kwa sekunde hakuna kitu, halafu turbo, kifaa kinachoiongezea injini nguvu, inaamka yote kwa mpigo na matairi ya nyuma yanataka kukupita. Hakuna picha ya runinga itakayokufundisha kwa nini madereva wa enzi ile waliogopewa. Ile gemu ilikufundisha kwa mikono yako. Leo imeondolewa madukani. Walker alifariki mwaka 2021, hatarekodi tena. Hiyo ni historia ya mchezo mzima, imefungiwa kwa sababu karatasi fulani imeisha muda.

Na muziki nao ni hivyo hivyo, maana ugonjwa huu hauko kwenye mbio tu. GTA IV, gemu ya uhalifu mjini ambayo magari yake yana redio, ilitoka 2008, na ilipofika Aprili 2018 nyimbo nyingi zikafutwa kwa sasisho, hasa kwenye stesheni ya Kirusi ya Vladivostok FM. Mtu alikuwa na gemu nyumbani kwake miaka 10, wakaingia kwa intaneti wakabadilisha redio ya gari lake.

Halafu kuna hili la kulazimishwa kuwa mtandaoni hata unapocheza peke yako. Gran Turismo 7 ilitoka Machi 4, 2022, na kabla mwezi haujaisha likaja sasisho lenye hitilafu, seva zikalala kwa zaidi ya saa 30. Karibu gemu yote ikawa haiingiliki. Huwezi kwenda gereji kutazama magari uliyoyatafuta kwa siku kadhaa, kwa sababu mashine za watu wengine zimeshikwa na hitilafu. Sasisho lile lile likapunguza malipo ya baadhi ya mbio ili tuhangaike zaidi kupata magari. Kazunori Yamauchi, muundaji wa Gran Turismo, aliomba radhi na wachezaji wakapewa krediti milioni 1, pesa za ndani ya gemu. Sawa, kuomba radhi ni uungwana. Lakini sharti la mtandao bado lipo. Yamauchi alisema ni la kuzuia watu kuchakachua data zao. Nikichakachua gari langu nikiwa peke yangu, nimemuumiza nani?

Msiniambie haiwezekani kufanya vingine. Grand Prix Legends ya Papyrus ni ya mwaka 1998, inaigiza msimu wa 1967, magari hayana mabawa na Nürburgring ni ile ya zamani yenye zaidi ya kilomita 22. Watengenezaji walishafunga milango, na gemu bado inachezwa, mashabiki wameiongezea viwanja na misimu mingine kwa mikono yao. Tena walipokosa haki za jina la Honda, gari likaitwa Murasama. Cooper ikaitwa Coventry. Mbio zikaendelea! Na sote tunakumbuka enzi kampuni ya gemu ya EA iliposhikilia peke yake haki za Porsche mpaka 2016: gemu nyingine zikaweka RUF, kampuni ya Kijerumani inayounda magari yanayofanana na Porsche, na watu tukaipenda ile CTR ya njano kama tulivyompenda bingwa. Kwa hiyo leseni ikiisha, futeni nembo, badilisheni jina, tuachieni gari na barabara. Richard Burns Rally ya 2004 haina seva ya kampuni inayoilinda, na hadi leo wapenzi wa rally wanaitaja kwanza.

Hata wenyewe wakitaka wanaweza. Gran Turismo Sport seva zake zilipokaribia kuzimwa Januari 2024, walitoa sasisho lililoruhusu sehemu kubwa kuchezwa bila mtandao. Ubisoft, baada ya kelele za The Crew, ikatangaza Septemba 2024 kwamba gemu zilizofuata, The Crew 2 na The Crew Motorfest, zitapata njia ya kuchezwa nje ya mtandao. Kelele ndizo zilizofanya hivyo. Kampeni ya Stop Killing Games iliyoanzishwa na Ross Scott imekusanya zaidi ya saini milioni 1 Ulaya, na madai yake hayana makuu: siku mkizima seva, acheni gemu ikiwa katika hali ya kuchezeka.

Ninachodai mimi ni hicho hicho, kwa kila gemu ya mbio inayouzwa sasa hivi. Gran Turismo 7 itolewe kwenye mnyororo wa seva kabla haijafika zamu yake. Forza Motorsport ya 2023 nayo, ambayo hata mfululizo wake mkuu wa mbio za mchezaji mmoja unadai intaneti. Mpaka hapo mimi silipii tena gemu yoyote ya mbio inayokataa kuwaka bila mtandao, hata ikiletwa na magari mazuri kiasi gani.