Sifa ya stroberi: apewe Frézier au Wamapuche?

Mleta mada:
Wakuu, kila inaposimuliwa asili ya hizi stroberi kubwa tunazokula leo, linatajwa jina moja: Amédée-François Frézier, Mfaransa "aliyeileta Ulaya". Mimi naona hapo kuna watu wamedhulumiwa.

Frézier alikuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1712 Mfalme Louis XIV alimtuma Chile na Peru akapeleleze ngome za Wahispania, naye akajifanya mfanyabiashara. Huko Concepción, mji wa Chile, akakuta mashamba (mashamba kabisa, si vichaka) ya stroberi za wekundu uliofifia, nyingine zikikaribia yai la kuku. Wamapuche, wenyeji wa asili wa Chile, walikuwa wameilima karne nyingi wakaipa na jina: kelleñ. Sasa aliyeng'oa miche akapanda nayo meli ndiye mwenye tunda?

Mchangiaji:
Mkuu, usimpunje mtu haki yake. Ulaya walikuwa na vistroberi vya msituni, vidogo mno. Wahispania walikaa Concepción zaidi ya miaka 150, na sifa ya kuifikisha Ulaya hawakuipata. Huyu alisafiri baharini miezi sita, maji ya kunywa yenyewe ya shida, na bado akamwagilia miche. Mwaka 1714 akashuka Marseille na mitano iliyo hai. Kazi hiyo nayo ni ndogo?

Mleta mada:
La maji nakubali, tena miche miwili alimpa msimamizi wa shehena aliyemruhusu kuyatumia. Ila angalia kilichofuata. Stroberi ya Chile ina mimea dume na mimea jike, na yake yote ilikuwa majike. Yaelekea alichagua ile aliyoiona ina matunda. Mbelewele (unga wa maua dume unaorutubisha majike) zikabaki Chile. Miaka ikapita Ufaransa, maua yapo, tunda la maana hakuna.

Waliolipata ni wakulima wa Plougastel, karibu na Brest, walioipanda kando ya stroberi ya Virginia kutoka Amerika Kaskazini. Mwaka 1766 kijana mtaalamu wa mimea, Antoine Nicolas Duchesne, akaeleza kuwa stroberi mpya ni chotara wa hizo mbili. Duchesne tunamjua kwa jina. Wale wakulima je? Na mama wa Kimapuche aliyechagua mche bora msimu baada ya msimu?

Kumwita Frézier msafirishaji sina tatizo. Neno "aliyeileta" ndilo nalipinga likisimama peke yake. Wenzangu, vitabu vya watoto wetu viandikeje?