Magofu ya Gedi: Yajengwe Upya au Yaachwe Yalivyo?

Wanajamvi, salaam.

Tangu Gedi, mji wa kale wa Waswahili karibu na Watamu, pwani ya Kenya, iingie kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO Julai 2024, kuna hoja naisikia ikirudi kila mara: tujenge upya jumba la mfalme, tuezeke paa, tutie milango, ili mgeni anayetoka Watamu aone mji badala ya kuta zilizobomoka. Wanaoitoa wana nia njema. Wanataka vijana wa pale wapate kazi, na wamechoka kuona ustaarabu wa Mswahili ukiitwa mawe matupu. Hata hivyo napinga, na napinga kwa nguvu.

Tujiulize kwanza, Gedi ya wakati gani? Mji ule ulikaliwa karne kadhaa. Kaburi lenye tarehe limeandikwa 802 Hijria, yaani 1399. Msikiti mkuu ni wa karne ya 15, nao ulijengwa upya baadaye. Ukuta wa nje ulizunguka kama ekari 45. Ule wa ndani, kwa maoni ya mwanaakiolojia James Kirkman aliyeanza kuchimbua hapo 1948, ulikuja karne ya 16, mji ukiwa umesinyaa na waliobaki wamejibana katikati. Mpaka leo wataalamu wanabishana kilichouua mji: mashambulizi ya Waoromo kutoka kaskazini, misukosuko ya pwani zama za Wareno, au maji kukauka, maana kisima cha karibu na msikiti mkuu kilibidi kichimbwe kwenda chini zaidi. Ukijenga jumba jipya juu ya ubishi huo, umeufunga kwa saruji.

Halafu kuna watu ambao mradi huo utawasahau. Nyumba za mawe zilikuwa za wenye nacho. Tunaziita kwa vitu vilivyookotwa ndani: ya mkasi, ya kauri, ya taa ya chuma, ya sarafu za Kichina. Lakini raia wengi waliishi kati ya kuta mbili, kwenye nyumba za udongo na makuti, na hakuna ukuta wao uliosimama. Tukiinua ikulu peke yake, watoto wetu watatoka pale wakidhani Gedi ilikuwa ya matajiri tu.

Wapo wanaosema bila majengo kamili wageni wataendelea kuamini kwamba mji ulijengwa na watu waliotoka ng'ambo. Hili linaniuma pia. Lakini ushahidi upo tayari, tena mzuri kuliko wa kutengeneza. Kwenye mlango mmoja wa msikiti mkuu kumechongwa mkuki wenye bapa pana, mkuki wa Kiafrika, juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakiingia kuswali. Mgeni akipita pale bila kuonyeshwa, kosa ni la maelezo, si la paa.

Fedha ziende wapi basi? Kwenye chokaa. Kuta za Gedi ni matumbawe na chokaa, zinapumua. Ukizipaka saruji unyevu na chumvi vinanaswa ndani na jiwe linamomonyoka. Mizizi ya miti nayo inapasua kuta, lakini tusiufyeke msitu, kwa kuwa wenyeji wa pembeni wana imani zao humo, na mradi wa Kipepeo umewapa wakulima wa jirani kipato kwa kufuga vipepeo. Tutazame Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu ya miji ya Waswahili kusini mwa pwani ya Tanzania: ziliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, zikatolewa 2014. Zilizookoa magofu yale ni kazi za kuimarisha kuta na kuzuia bahari isiendelee kula ufukwe.

Vijana wafunzwe kuchoma chokaa na kuziba nyufa. Hiyo ni kazi isiyoisha, wakati ujenzi wa jumba ni zabuni moja, kisha mkandarasi anaondoka.

Anayetaka paa na atujibu hapa: paa la mwaka gani, na la nyumba ya nani?