Filamu fupi ya kutisha na kuchekesha ya Krismasi, ujumbe nauweka wapi bila kuhubiri?

fundi_klaketi:
Wakuu habari za humu. Naandika skripti ya filamu fupi, kama dakika 12 hivi, ya kutisha ila mtu acheke. Familia inatoka Dar kwenda Moshi kula Krismasi, si mnawajua Wachaga na Desemba, gari jipya la kuwaonyesha watu kijijini na nyuma kabanwa dada wa kazi katikati ya mabegi na kreti za soda. Usiku kuna kitu kinatoka kihambani, lile shamba la ukoo la migomba, upande wa makaburi kinaanza kuwabeba mmoja mmoja. Nimeweka watu mchanganyiko, kuna mkwe Mmakonde, shangazi aliyeolewa Tanga akasilimu, binamu wa kwenye kiti mwendo, halafu nataka niseme kitu kuhusu tunavyowatumikisha hawa mabinti. Prodyuza kasoma kasema inanuka semina. Nifanyeje?

dada_montaji:
Prodyuza hajakosea sana. Hao watu wako wamekuja kuhesabiwa tu, binamu anafanya nini zaidi ya kukaa kwenye kiti? Tafuta The Blackening, ile ya mwanzo ya 2018, skechi fupi ya kundi la vichekesho la Marekani linaitwa 3Peat. Unajua kwenye filamu za kutisha za kule mtu mweusi ndo anawahi kufa, sasa wao wakajaza nyumba watu weusi watupu, muuaji anataka apewe aliye mweusi kuliko wote, basi wanaanza kubishana kila mtu anajitetea yeye sio mweusi kiviiile. Hakuna anayetoa hotuba, ule ubishi ndo ujumbe wenyewe. Baadae Tim Story akaongoza filamu ndefu, ikaingia sinema 2023, stori wakaiweka wikendi ya Juneteenth, ile sikukuu ya tarehe 19 Juni 1865 watumwa wa Texas walipotangaziwa uhuru wakati tangazo la Lincoln lilishatoka tangu 1863.
Kwako hicho kitu kiseme kinamtaka asiye wa ukoo. Uone mkwe atakavyogeuzwa mgeni, shangazi ataanza kutaja majina ya mababu mpaka ya uongo, na yule binti ambaye miaka yote wanasema "huyu ni mtoto wetu kabisa" watamsukuma mlangoni kwa kauli moja. Na mpe jina jamani, kwenye maelezo yako yeye peke yake hana hata uhusiano na mtu.

mangi_wa_migombani:
Sasa mkuu kwanini mzimu wa babu ndo uwe mbaya? Sisi tunazika kihambani, watoto wanacheza hapo hapo, hakuna anayekimbia. Ukifanya hivyo utakuwa umeiga filamu za kilokole, pepo linakemewa basi tumeenda nyumbani. Na utani wa Mchaga na hela uache, umechuja.
Nikupe kitu cha bure. Mbuzi akichinjwa kwetu kila kiungo kina mwenyewe, kuna cha wazee, cha mashangazi, cha wakwe, ukikosea mgao watu wananuniana mpaka Pasaka. Weka mgao. Nyama inaisha, dada wa kazi kashika sahani, ndo aliyepika, ndo aliyeosha utumbo, na hana fungu. Hapo hapo taa zikatike.

popo_wa_sinza:
Naunga mkono hoja ya mgao 😂 nyongeza tu, waigizaji wasijue kama wanachekesha. Kuna fupi ya Finland ya 2003, Rare Exports Inc. ya Jalmari Helander, wawindaji wa Lapland wanawinda Father Christmas porini, wanamfundisha adabu halafu wanamsafirisha nje kama bidhaa, na msimulizi anaeleza kwa sauti ya makala ya wanyama. Hakuna anayetabasamu. Unacheka halafu unashtuka kumbe wanaongelea biashara ya sikukuu. Bongo tatizo letu mchekeshaji lazima atoe macho.

fundi_klaketi:
Aisee shukrani. Mgao nauchukua mzima, binamu ndo atakuwa mshika kisu, tena mchoyo kuliko wote, na binti anaitwa Neema. Mkwe Mmakonde nafikiria abaki au nimtoe, maana kila nikimwandikia anaishia kuwa mpole tu. Ila mbuzi prodyuza kagoma kulipia, anasema tukodi tumrudishe.

mangi_wa_migombani:
Mbuzi wa kukodi mwezi wa 12 Moshi? Hiyo ndo filamu ya kutisha sasa.