Mhojiwa kaniomba nisimwambie daktari wake kuhusu mizizi anayokunywa. Nifanyeje?

Ustawi_MwakaWaMwisho

Habari zenu wakuu. Nasoma ustawi wa jamii, mwaka wa mwisho. Utafiti tunaufanya watatu: mimi, mwenzangu wa masoko na mwingine wa famasia. Tunataka kujua kwa nini wagonjwa wa muda mrefu wanachanganya dawa za hospitali na za mitishamba. Wa masoko anachunguza jinsi neno "asili" linavyomvuta mnunuzi, wa famasia anashughulika na mimea yenyewe, mimi naangalia ya nyumbani: nani anaamua mgonjwa anywe nini, na nani anafichwa.

Dodoso halikutusaidia. Swali la nane liliuliza "Je, unatumia dawa za mitishamba?" na karibu wote wakatia tiki kwenye Hapana. Nikaweka karatasi pembeni, nikawa nakaa na watu na kuuliza, "Usiku ukizidiwa, unaanza na nini?" Hapo ndipo maneno yakatoka.

Juzi nilikaa na mama mmoja mtu mzima (mengine nimeyabadilisha asitambulike). Ana tatizo la moyo, anatumia warfarin ya kuzuia damu kuganda. Tulishaongea saa nzima alipoinuka akaleta chupa ya mizizi iliyochemshwa. Anakunywa kikombe kila asubuhi, mwezi wa tatu sasa, na kliniki hawana habari. Akanishika mkono: "Mwanangu, hili liishie hapa hapa. Watanigombeza tena mbele za watu."

Nikamwahidi. Fomu ya ridhaa niliyomsomea inasema atakayosema ni siri, basi.

Nilipomsimulia mwenzangu wa famasia alinyamaza, kisha akauliza, "Mizizi ya nini?" Sijui. Mama mwenyewe analijua jina la mtaani tu. Nikisema, nimemsaliti. Nikinyamaza na likampata la kumpata, nitajiangaliaje? Msimamizi hajajibu ujumbe wangu.

Dada_Ustawi

Pole mdogo wangu. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, na ahadi kama hiyo nami nimewahi kuitoa.

Kosa liko kwenye fomu. Ilipaswa kusema siri italindwa isipokuwa pale uhai wa mtu unapokuwa hatarini, na mhojiwa alisikie hilo kabla hajafungua mdomo. Azimio la Helsinki, mwongozo wa madaktari duniani kuhusu maadili ya utafiti kwa watu, ambalo lipo tangu 1964, linaweka ustawi wa anayefanyiwa utafiti mbele ya faida ya sayansi. Iandikie kamati ya maadili leo, ueleze yote bila kujitetea.

Lakini usiende kliniki nyuma ya mgongo wake. Ukifanya hivyo, hatamwambia mtu yeyote tena jambo la maana. Rudi kwake, umwombe radhi kwa ahadi uliyoitoa haraka. Na lisikilize vizuri neno lake: hakusema anaogopa kuacha mizizi, amesema anaogopa kugombezwa mbele za watu. Hilo ni la fani yako wewe, si la daktari. Mwambie utamsindikiza na mtaomba kuzungumza faragha, aseme kwa kinywa chake. Akikataa kabisa, kamati na msimamizi ndio wataamua, ila yeye awe wa kwanza kuambiwa.

Mfamasia_wa_Zamu

Naongeza la haraka: usimwambie aache ghafla. Mmea unaweza kuvuta pande mbili. Upo unaoongeza uwezekano wa kutokwa damu. Upo pia kama Hypericum perforatum, unaolifanya ini livunje warfarin upesi, damu ikaanza kuganda. Huenda kliniki walishampangia kipimo cha dawa huku mizizi ikiwa mwilini bila wao kujua. Akiikatisha leo, hesabu yote inahama. Anahitaji kupimwa damu, wagonjwa wengi hutakiwa kuwa na INR (kipimo cha damu inavyochelewa kuganda) kati ya 2 na 3. Akiona kinyesi cheusi, fizi zinavuja damu, michubuko isiyo na sababu au kichwa kinapasuka kwa maumivu, asingoje siku ya kliniki.

Mkiwa naye msiubeze mmea. Warfarin yenyewe ina ukoo huko. Miaka ya 1920 ng'ombe wa Amerika Kaskazini walikufa kwa kutokwa damu baada ya kula majani yaliyooza ya Melilotus, mmea wa malisho, na uchunguzi wa majani hayo ndio uliozaa dawa hii. Mwambieni hivyo, atawasikiliza.

Kuhusu jina la mtaani: miaka ya 1990 mwanzoni, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipewa vidonge vya kupunguza uzito waliharibika figo kwa sababu mmea mmoja wa Kichina ulibadilishwa na Aristolochia, na majina yake yanafanana. Mizizi iliyochemshwa haitambuliki kwa macho. Pateni tawi lenye majani na maua, likandamizwe, likaushwe, mtaalamu wa mimea alitaje.

Masoko_na_Watu

Swali la nane lilikufa kwa sababu mliliuliza mkiwa na sura ya kliniki. Mtu anajibu kile anachodhani muulizaji anataka kusikia. Kipimo cha Likert cha ngazi tano, kile cha kuchagua kuanzia "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa", nacho kisingewaokoa. Mwambie mwenzako wa masoko asiichukue kauli ya huyo mama kama mfano wa mteja mpaka aridhie upya.

Ustawi_MwakaWaMwisho

Asanteni sana, kwa kweli. Nilirudi kwake siku iliyofuata. Nilipoomba radhi alikaa kimya muda mrefu, nikadhani nimeharibu. Kisha akauliza, "Utaingia na mimi ndani?" Nikasema ndiyo.

Tumeenda. Muuguzi alifunga mlango, mama akaitoa chupa mwenyewe kwenye mkoba. Hakuna aliyefoka. Wamempima damu, na atarudi wiki hii badala ya mwezi ujao. Shemeji yake anayemchimbia mizizi amekubali kumwonyesha mwenzangu wa famasia mti wenyewe, Jumamosi.

Mahojiano tumeyasimamisha mpaka kamati ipitishe fomu mpya. Mama ameridhia habari yake ibaki, kwa sharti moja: sura ya nne nikiimaliza nimsomee yeye kwanza, kabla haijafika kwa msimamizi.